Dogo ni wa namba ngapi? Mwongozo kamili wa kumpima kinda wa basketi kabla na baada ya drafti

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, aliitwa wa pili kwenye drafti ya NBA, yaani siku ambayo timu za ligi kuu ya basketi ya Marekani zinachagua makinda kwa zamu. Memphis ndo waliomchukua, namba 3 akaitwa James Harden na namba 7 akaitwa Stephen Curry. Mpaka leo ukitaja jina lake mbele ya mashabiki wa basketi wanaoongea Kiswahili ubishi unaanza hapohapo, mmoja anasema hakufaa kabisa, mwingine anasema walimbania, mwingine anasema Memphis ndo walikosea, na ukisikiliza vizuri unagundua kila mtu anajibu swali lake. Ubishi huu umenikaa moyoni miaka mingi kwa sababu naona tunaurudia kwa kila dogo mpya, tunampandisha kwa klipu mbili afu msimu mmoja baadaye tunamzika. Kwa hiyo nimeandika hapa jinsi ninavyompima kijana, hatua kwa hatua, nikianzia pale ambapo ubishi mwingi huwa unaharibikia.

HATUA YA 1: Tenganisha mchezaji na bei yake

Kuna maswali mawili. La kwanza, huyu dogo ni mchezaji wa aina gani na anaweza kufika wapi. La pili, kwa namba aliyoitwa, timu imelipa sawasawa au imelipa zaidi. Watu wanayachanganya, ndo maana hawaelewani.

Thabeet alicheza misimu mitano NBA, Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City. Angekuwa ameitwa namba 40 tungesema jamaa kajitahidi sana, kijana aliyeanza basketi akiwa na miaka 15 hivi kafika ligi kubwa kuliko zote na kakaa. Lakini kwa namba 2 ilikuwa bei kubwa. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na mtu akishakubali hilo nusu ya ubishi inaisha.

Bei inafanyaje kazi? Drafti ina raundi mbili, timu 30, machaguo yasiyozidi 60. Wa raundi ya kwanza mshahara wao unafuata jedwali, namba 1 analipwa juu kabisa na unashuka kila namba inayofuata, mkataba ni wa miaka minne ambapo miwili ya mwanzo ni ya uhakika, wa tatu na wa nne timu ndo inaamua kama inaendelea naye. Raundi ya pili hakuna uhakika huo. Maana yake ukikosea juu umekosea pesa, muda na nafasi ya kumpata mwingine, na ukikosea chini hujapoteza kitu kikubwa. Mwaka 2013 Cleveland walimwita Anthony Bennett namba 1 na msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 4.2. Drafti hiyohiyo Giannis Antetokounmpo aliitwa namba 15.

Ila hapa uwe mwadilifu. Usimchape mtu kwa kusema "walimwacha Jokić!" Nikola Jokić aliitwa namba 41 mwaka 2014, timu nyingi zilimwacha, hata Denver wenyewe usiku ule waliondoka na Jusuf Nurkić na Gary Harris kabla ya kumfikia yeye. Linganisha na waliokuwa wakizungumziwa kwa namba zilezile. Thabeet na Harden, sawa, hao walikuwa mezani pamoja. Thabeet na mtu wa namba 41, hapana.

HATUA YA 2: Hesabu umri, na uuhesabu kwa miezi

Hii ndo hatua ambayo mashabiki wengi wanairuka na mimi naiona ndo nzito kuliko zote. Siku ya drafti ya 2009 Thabeet alikuwa na miaka 22. Harden alikuwa na 19. Curry 21. Hebu fikiria maana yake, Harden alikuwa na kama miaka miwili na nusu ya kukua ambayo Thabeet alishaitumia chuoni.

Tangu drafti ya 2006 sheria inasema lazima uwe unatimiza miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti, na kwa Wamarekani mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lako limalize sekondari. Kwa hiyo ukumbini unakuta mtoto wa miaka 18 na miezi tisa amekaa meza ya jirani na mtu wa miaka 22 na nusu, na namba zao za chuo zinalinganishwa kana kwamba ni sawa. Hazilingani hata kidogo. Mwenye 22 akipata pointi 16 anacheza dhidi ya wadogo zake, mwenye 18 akipata pointi 12 anacheza dhidi ya kaka zake waliokomaa mifupa. Mimi ninapoandika jina la mchezaji naandika na tarehe ya kuzaliwa pembeni kabla ya kuandika pointi hata moja.

Kuna kitu kimoja kinachochanganya hapa, umri wa basketi. Mtu aliyeanza kucheza akiwa na miaka 15 ana mambo bado hajayaona, na Joel Embiid wa Kamerun naye alichelewa kuanza hivyohivyo na akaja kuwa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, mwaka 2023. Kwa hiyo kuchelewa kuanza ni sababu ya kumsubiri mtu. Lakini angalia kama anakimbiza pengo, yaani kila mwaka kuna kitu kipya mkononi mwake ambacho mwaka jana hakikuwepo. Kama miaka mitatu ya chuo inapita na kitu kilekile kinachombeba ndo kilekile, anza kuwa na wasiwasi. Thabeet mwaka wake wa mwisho UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, alikuwa na bloku (mashuti aliyoyazuia) 4.2 kwa mchezo, namba kubwa sana ile, ila kazi yake kubwa ilikuwa palepale chini ya kikapu.

HATUA YA 3: Sahihisha namba kabla ya kuzirusha

Pointi kwa mchezo peke yake haisemi kitu. Kwanza ziweke kwenye dakika zilezile, gawa pointi kwa dakika anazocheza afu zidisha kwa 36. Dogo mwenye pointi 9 ndani ya dakika 18 ni sawa na pointi 18 kwa dakika 36, wakati mwenye pointi 15 ndani ya dakika 35 amebaki na 15 na kitu. Usiichukue kama unabii lakini, maana anayecheza dakika 18 mara nyingi anapambana na wachezaji wa akiba na pumzi yake haijajaribiwa.

Pili, angalia pointi zile zimegharimu mitupo mingapi. Fomula ni pointi gawanya kwa mara mbili ya mitupo yote ukijumlisha 0.44 ya fri throo zote, ile mitupo ya bure ya mstarini baada ya faulo. Chukua madogo wawili wa mfano. Wa kwanza ana pointi 18, kapiga mashuti 17 na fri throo 3. Hesabu: 17 jumlisha 1.32 ni 18.32, mara mbili ni 36.64, 18 gawanya kwa hiyo unapata kama asilimia 49. Wa pili ana pointi 14 tu, mashuti 9, fri throo 5. Hesabu: 9 jumlisha 2.2 ni 11.2, mara mbili 22.4, 14 gawanya kwa 22.4 ni asilimia 62.5. Ukiangalia kwa haraka wa kwanza ndo staa, ukipiga hesabu wa pili ndo anaisaidia timu. Dakika moja na simu yako mkononi unamaliza.

Tatu, asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, ukizilinganisha na mipira anayopoteza, hasa kwa gadi, yule anayeuendesha mpira. Na wizi wa mpira na bloku, kwa sababu hizo zinakuonyesha mikono, miguu na akili ya kusoma mchezo kwa wakati mmoja, mtu mzito wa kufikiri hazipati hata awe mrefu namna gani.

HATUA YA 4: Kama hoja ni shuti, nenda kwenye fri throo

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndo silaha bora niliyonayo kwenye ubishi.

Mwaka 2017 Markelle Fultz alitoka Chuo Kikuu cha Washington akiwa amepiga pointi tatu kwa asilimia 41.3, na kila mtu akasema shuti ipo. Lakini fri throo zake zilikuwa asilimia 64.9. Jayson Tatum kutoka Chuo Kikuu cha Duke alikuwa kinyume chake, pointi tatu asilimia 34.2, fri throo asilimia 84.9. Philadelphia walibadilishana na Boston ili wapande kutoka namba 3 mpaka namba 1 wamchukue Fultz, Boston wakashuka wakamchukua Tatum na juu yake wakapewa chaguo lingine la baadaye. Msimu wake wa kwanza Tatum akapiga tatu kwa asilimia 43.4. Fultz shuti ikapotea, na nasema hili kwa heshima kwa sababu baadaye aligundulika ana tatizo la mishipa eneo la bega, sio uvivu wala woga kama watu walivyomsema vibaya. Hilo la bega hakuna namba ya chuo ingelionyesha. Lakini ile tofauti kati ya asilimia 41 na 65 ilikuwa ni taa nyekundu hata bila bega.

Kwa nini fri throo? Kwa sababu umbali ni uleule kila siku, hakuna mkono usoni, unasimama mstarini peke yako, kwa hiyo inapima mkono wenyewe. Pointi tatu za chuo zinakuwa chache mno. Mtu akipiga tatu 100 msimu mzima, tofauti kati ya asilimia 33 na 38 ni mipira mitano, mipira mitano tu, miwili ingeweza kuwa imegonga chuma ikaingia. Usimpandishe mtu namba kumi kwa mipira mitano.

Na usisahau kwamba shuti inafundishika. Kawhi Leonard miaka yake miwili ya chuo, San Diego State, alikuwa chini ya asilimia 30 kwenye tatu, akaitwa namba 15 mwaka 2011, San Antonio wakamfanyia kazi mkono wake na msimu wa kwanza tu akapiga asilimia 37.6.

HATUA YA 5: Tazama mchezo mzima, na mtazame asipokuwa na mpira

Hailaiti ni tangazo. Chukua michezo mitatu mizima, mmoja alioutawala, mmoja uliomshinda, mmoja dhidi ya timu ngumu ya ugenini. Ule uliomshinda ndo utautazama mara mbili.

Nikimtazama senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, mimi nafanya hivi. Nasubiri skrini ya kwanza juu ya mstari wa pointi tatu, yaani mchezaji anaposimama kumzibia njia mlinzi wa mwenzake. Gadi anakuja mbio na mpira, amemwacha mlinzi wake kwenye skrini, sasa yupo uso kwa uso na senta wetu, na senta wa upande wa pili anakimbilia kikapuni nyuma yake. Nasimamisha video hapo na naangalia miguu, sio mikono. Je amekaa chini, magoti yamekunjika, au amesimama wima kama nguzo? Je anarudi nyuma akiwa kati ya wote wawili, au ameshamgeukia gadi kifua chote na kumwachia mwenzake njia? Mkono mmoja uko juu unamsumbua mwenye mpira, mwingine uko chini unaziba pasi? Naachia video sekunde moja, nasimamisha tena. Naandika tu "sawa" au "kachelewa". Nikifikisha skrini 20 za namna hiyo ninajua kitu ambacho jedwali la bloku haliwezi kuniambia, kwa sababu kuna senta anapata bloku tatu na hapohapo anaruhusu vikapu sita vya bure kwa kuruka kila kitu.

Kwa gadi naangalia akishatoa pasi anafanya nini. Akisimama na kuweka mikono kiunoni, NBA atahangaika. Kwa fowadi naangalia anadaka mpira vipi akiwa anakimbia, na akipoteza mpira anarudi au analalamika kwa refa.

HATUA YA 6: Mwili

Hapa haraka. Kabla ya drafti wachezaji wanapimwa Chicago, urefu bila viatu, upana wa mikono wakiinyoosha, kuruka, mbio. Upana wa mikono nauamini kuliko urefu, kwa sababu mpira unazuiwa na kuporwa kwa mikono. Nguvu za kunyanyua vyuma siziamini sana kwa mtoto wa miaka 18 au 19, Kevin Durant mwaka 2007 hakuweza kunyanyua ile chuma ya paundi 185 hata mara moja na leo tunajua amekuwa nani. Majeraha ndo mtihani. Drafti ileile Greg Oden aliitwa namba 1 mbele ya Durant na magoti yakamruhusu kucheza michezo 105 tu NBA maisha yake yote. Embiid alikaa nje misimu miwili mizima ya mwanzo kwa sababu ya mguu. Ripoti za madaktari zinabaki kwa timu, kwa hiyo ukiona kijana anaporomoka ghafla siku za mwisho bila sababu ya uwanjani, kabla hujasema timu zote ni vipofu jiulize kama kuna kitu zimekisoma ambacho wewe hujakisoma.

HATUA YA 7: Amekwenda wapi?

Thabeet alifika Memphis ambako Marc Gasol tayari ndo senta, na kiangazi hichohicho timu ikamleta Zach Randolph. Dakika zingetoka wapi? Msimu wa kwanza alicheza kama dakika 13 kwa mchezo, pointi 3.1, na Februari 2010 akapelekwa ligi ya maendeleo. Siku zile kushushwa kule kulionekana kama aibu, na hilo linaniuma, kwa sababu miaka michache baadaye Pascal Siakam, namba 27 wa mwaka 2016, alishushwa kwenda Raptors 905, timu ya Toronto kwenye ligi hiyo ya maendeleo, akachukua nao ubingwa wa ligi hiyo mwaka 2017 na akawa MVP wa fainali, afu 2019 akachukua ubingwa wa NBA na Toronto na tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi. Safari ileile, ila mmoja alipelekwa sehemu yenye mpango wa kumlea, na dakika 30 za kukosea bila kutolewa nje.

Kwa hiyo kabla ya kutabiri andika majibu ya haya: nani yuko mbele yake kwenye nafasi yake, kocha anawapa makinda dakika au anawatoa kwa kosa moja, timu inataka kushinda mwaka huu au inajenga, na nani anafundisha kile anachokosa. Kijana yuleyule ukimpeleka sehemu mbili utapata watu wawili tofauti.

HATUA YA 8: Chora mstari wa kukua

Giannis alianza na pointi 6.8, zikaja 12.7, 16.9, 22.9. Shai Gilgeous-Alexander, namba 11 wa 2018, alianza na 10.8, akaja 19.0, 23.7, akafika 31.4 msimu wa tano, na 2025 akawa MVP na bingwa. Angalia kwamba mwaka wa kwanza wa wote wawili ungeweza kumfanya mtu aseme "wa kawaida tu".

Ninavyoona mimi, nguvu za mwili zinakuja karibu kwa kila mtu, shuti inakuja kwa wengi, kudribo inakuja polepole, lakini kuona pasi kabla haijafunguka ni ngumu sana kumpa mtu aliyefika miaka 21 bila nayo. Kwa hiyo kinda mwenye macho na hana misuli nampandisha, na mwenye misuli asiye na macho namshusha hata akidunki juu ya watu wazima.

HATUA YA 9: Panga makundi, acha orodha ya 1 mpaka 60

Hakuna anayejua tofauti ya namba 17 na namba 19. Panga makundi: wa kwanza ni wale timu inajengwa kuwazunguka, wa pili ni wa kuanza kila mchezo, wa tatu ni wa akiba wenye kazi moja wanayoijua vizuri, wa nne ni wa kusubiri. Ukishapanga hivyo thamani inajionyesha yenyewe, kama waliobaki watano wote wako kundi moja basi kushuka namba mbili na kupewa chaguo la ziada ni faida, ndo walichofanya Boston. Kama kundi la kwanza lina mtu mmoja tu, hapo usishuke kwa gharama yoyote.

Na mahali pa timu kwenye foleni ni bahati pia, maana namba za juu zinapigiwa bahati nasibu. Tangu 2019 timu tatu mbovu kabisa kila moja ina asilimia 14 tu ya kupata namba 1, na mwaka 2025 Dallas waliipata wakiwa na asilimia 1.8 wakamchukua Cooper Flagg. Msimsifu mkurugenzi kwa hilo.

HATUA YA 10: Andika, weka tarehe, rudi

Mimi nina daftari. Kila dogo ana ukurasa, kuna kundi lake, sababu tatu, na kitu kimoja kitakachonifanya nibadili mawazo. Bila hicho cha mwisho wewe unashabikia, hupimi. Matusi kwa mtoto wa miaka 18 siyaandiki na wala siyajibu.

Ukurasa ninaoufuatilia kwa karibu sasa ni wa Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, akacheza Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 17, akapita Duke, akaitwa namba 10 mwaka 2025 na kuishia Phoenix. Mrefu kama Thabeet karibu, naye alichelewa kuanza. Tofauti nilizoandika: alikuwa na miaka 18 siku ya drafti, sio 22, na fri throo zake Duke zilipita asilimia 76, kwa hiyo mkono upo. Wasiwasi niliouandika: asisti karibu hakuna, yaani nusu asisti kwa mchezo. Kundi la pili, nimempa. Kitakachonibadilisha ni zile skrini 20, nitazihesabu upya kila Januari.

Timu yenyewe nayo ina tarehe zake. Mwisho wa kuamua mwaka wake wa tatu ni Oktoba 31, 2026, wa nne ni Oktoba 31, 2027, na kiangazi cha 2028 ndo wanaweza kuanza kuongea naye mkataba mpya. Tarehe hizo tatu nimeziandika juu ya ukurasa wake kwa wino mwekundu, na mpaka ya tatu ifike sitaki kusikia neno "amefeli".